Kwa nini afisa alipata msalaba na babu akapata nyota?

SWALI: Shikamoo mzee. Nakuandikia kutoka Morogoro. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na alipigana Burma. Alifariki kabla sijazaliwa. Ametuachia nyota mbili za rangi ya shaba, medali moja nyeupe ya duara, na picha amesimama nyuma ya afisa wa Kizungu mwenye utepe kifuani, mweupe pande mbili na zambarau katikati. Nyumbani tunasimuliwa kwamba afisa huyo alipigwa risasi, babu akambeba mgongoni mpaka kwa madaktari, kisha afisa akapewa msalaba. Je, nishani za babu ni za ushujaa? Kwa nini aliyebebwa apewe msalaba na aliyembeba akose? Na sisi wajukuu tunaweza kuomba apewe sasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali la kwanza lina jibu fupi: hapana, nishani mlizonazo si za ushujaa. Nyota mbili za shaba na medali nyeupe ya duara, kwa askari aliyefika Burma, karibu hakika ni Nyota ya 1939–1945, Nyota ya Burma na Medali ya Vita ya 1939–1945. Hizi ni nishani za kampeni, maana yake alipewa kila aliyekuwepo na kutimiza muda uliotakiwa. Jenerali alizipata, dereva alizipata, mpishi alizipata, na zote zilikuwa za aina moja. Usihangaike kutafuta jina la babu pembeni mwa medali. Waingereza waliamua kutoziandika majina nishani za kampeni za vita vile, tofauti na walivyofanya Vita vya Kwanza.

Zihakiki hivi. Nyota ya Burma ina ncha sita, na utepe wake ni wa buluu iliyokolea wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari myembamba ya rangi ya chungwa, mmoja kila upande. Nyota ya 1939–1945 ina utepe wa rangi tatu zilizolingana upana: buluu nzito, nyekundu na buluu ya anga, yaani jeshi la majini, la nchi kavu na la anga. Ile ya duara igeuze nyuma. Ukiona simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, hiyo ndiyo Medali ya Vita. Ukiona simba wawili na mti katikati, basi ni Medali ya Ulinzi, nayo pia ni ya kampeni.

Utepe wa afisa ni jambo jingine kabisa. Nyeupe, zambarau, nyeupe ni Military Cross, ambao hapa nitauita Msalaba wa Kijeshi. Hiyo ni nishani ya ushujaa mbele ya adui, tena ya msalaba wa fedha halisi. Ilianzishwa tarehe 28 Desemba 1914, miezi michache tu baada ya Vita vya Kwanza kuanza, kwa sababu maluteni na makapteni walikuwa wanakufa kwa wingi kule Ufaransa na hapakuwa na tuzo iliyowafaa. Masharti yake yalisema wazi ni ya makapteni, maluteni na maafisa waranti, na baadaye mameja wakaongezwa. Askari wa kawaida, koplo na sajini hawakuwemo. Babu yako angebeba maafisa kumi siku moja, bado Msalaba wa Kijeshi asingeupata, kwa kuwa haukuwekwa kwa ajili ya watu wa cheo chake.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitapaeleza polepole. Katika jeshi la Uingereza la wakati ule, ushujaa ulikuwa na ngazi mbili zilizosimama sambamba. Afisa alikuwa na yake: chini Msalaba wa Kijeshi, juu yake Distinguished Service Order, au DSO kama inavyoitwa na wengi. Askari wa kawaida, makoplo na masajini walikuwa na yao: chini Military Medal, juu yake Distinguished Conduct Medal. Ngazi hizi zilikutana mahali pamoja tu, kileleni, kwenye Msalaba wa Victoria, ambao tangu ulipoanzishwa mwaka 1856 haukuuliza cheo. Keya nao, pamoja na wenzao wa Afrika Magharibi, walitengenezewa Distinguished Conduct Medal yao wenyewe mwanzoni mwa karne ya 20, iliyochongwa jina la jeshi lao, mpaka mwaka 1942 walipoanza kupewa ile ile ya Waingereza.

DSO inafaa kuielewa, maana ndiyo hasa nishani ya uongozi. Ilianzishwa mwaka 1886 kwa maafisa pekee. Kamanda wa batalioni aliyeongoza vizuri katika mapigano magumu, mwenye cheo cha luteni kanali, alitarajiwa kuipata. Ilipokwenda kwa luteni au kapteni, wanajeshi walielewa bila kuambiwa kwamba mtu huyo alikaribia sana Msalaba wa Victoria. Adrian Carton de Wiart, aliyepoteza jicho la kushoto akipigana na kikosi cha ngamia huko Somalia mwaka 1914, alipewa DSO kwa kampeni ile. Msalaba wa Victoria aliupata mwaka 1916 huko Ufaransa. Idi Amin, aliyeingia Keya mwaka 1946 wakati vita vya Burma vimekwisha, aliijua vizuri thamani ya herufi hizi. Alipokuwa rais alijiandikia VC (Msalaba wa Victoria), DSO na MC (Msalaba wa Kijeshi) baada ya jina lake, na ile VC yake ilikuwa nishani aliyojitungia mwenyewe. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa kuwa palikuwa na wazee wa Keya walio hai, waliovuja damu, wasio na hata mojawapo ya herufi hizo.

Sasa jiulize: afisa alikuwa nani? Katika Keya, muda wote wa Vita vya Pili, hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa na kamisheni ya Mfalme, yaani cheo cha uafisa. Mwafrika mweusi wa kwanza kuipata katika jeshi la Uingereza alikuwa Seth Anthony wa Gold Coast, Ghana ya leo, mwaka 1942. Kwetu Tanganyika tulisubiri mpaka uhuru unaingia, akina Mrisho Sarakikya walipotoka Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa JWTZ mwaka 1964. Kwa hiyo sharti liliposema nishani hii ni ya maafisa, ndani ya Keya lilimaanisha ni ya Wazungu. Sheria haikutaja rangi popote. Haikuwa na haja, kwa sababu cheo kilishaifanya kazi hiyo. Ndiyo maana husema kwamba utepe kifuani mwa mtu wa enzi zile unakueleza kwanza alisimama wapi katika safu ya vyeo, halafu ndipo unakueleza alifanya nini.

Kwa kuwa unaandika kutoka Morogoro, nikupe mfano wa karibu na kwenu. Tarehe 24 Agosti 1916, hapo Mlali, majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini yalipambana na Wajerumani waliokuwa wanarudi nyuma kuelekea kusini. Kapteni William Bloomfield wa Afrika Kusini alikuwa na watu wake mahali palipojitenga mbele, akaona adui anawazunguka. Akawaondoa majeruhi kwanza, kisha akawarudisha watu wake kwenye nafasi mpya, yeye akiwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka. Walipofika ndipo akagundua kuwa majeruhi mmoja, koplo aitwaye Bowker, ameachwa nyuma. Kati yao palikuwa na uwanja wazi wa yadi kama 400, adui anauona wote na risasi za bombomu, yaani bunduki za rashasha, zinaupiga. Kapteni akaenda mwenyewe, akamkuta koplo, akambeba, akarudi naye, akipigwa risasi kwenda na kurudi. Alipewa Msalaba wa Victoria.

Umeona kitendo chenyewe? Ni kumbeba majeruhi chini ya risasi. Hicho hicho ambacho ukoo wenu unasimulia kuhusu babu. Tofauti ni kwamba Mlali kapteni alimbeba koplo, na kwenye simulizi lenu askari alimbeba afisa. Sisemi kwamba Bloomfield hakustahili. Alistahili kila gramu ya msalaba ule. Wala tendo la babu siwezi kulipima nikiwa hapa. Ninachosema ni kwamba tendo moja lilikuwa na njia tofauti za kufika kwenye karatasi, na njia ya babu ilikuwa nyembamba zaidi.

Mwaka mmoja kabla ya Mlali, tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, njia ya kutoka Voi kwenda Taveta, Luteni Wilbur Dartnell alipigwa risasi ya mguu. Wenzake wakaanza kumbeba. Alipoona kwamba majeruhi waliozidiwa hawawezi kuchukuliwa, na kwamba adui anawaua wanaobaki, akadai aachwe pamoja nao, akitumaini kuwapo kwake kungewaokoa. Alikufa pale, akapewa Msalaba wa Victoria, na kaburi lake liko Voi mpaka leo. Nimemtaja ili ujue kwamba hata afisa aliyebebwa anaweza kuwa shujaa wa kweli. Tusimdharau mtu kwa sababu tu yuko mgongoni mwa babu yetu.

Lakini mfano ninaotaka uukumbuke zaidi ni wa Kapteni Eric Wilson, kwa sababu ndani yake swali lako lote limo. Wilson alizaliwa Uingereza mwaka 1912, akahamishiwa Keya mwaka 1937, halafu kikosi cha ngamia cha Somalia ya Waingereza mwaka 1939. Agosti 1940 Waitaliano waliivamia nchi ile. Njia ya kwenda bandari ya Berbera ilipita kwenye pengo la Tug Argan, kati ya vilima, na Wilson aliwekwa juu ya kilima kimoja na bombomu zilizoshikwa na askari wa Kisomali. Tarehe 11 Agosti Waitaliano walikishambulia kilima hicho, wakarudishwa. Bombomu za Wilson zikageukia waliokuwa wanashambulia kilima cha jirani, zikawaumiza vibaya. Adui akaona bila kuzinyamazisha hapiti. Akaleta mizinga mpaka yadi 700 hivi kutoka pale, na makombora mawili yakapenya kwenye matundu ya kufyatulia na kulipukia ndani. Wilson akajeruhiwa bega la kulia na jicho la kushoto. Bombomu zikang'oka kwenye miguu yake. Akazitengeneza, akazirudisha mahali pake, akaendelea kupiga. Sajini wake Msomali aliuawa pembeni yake. Tarehe 12 na 14 mizinga ikarudi, na yeye akabaki kwenye silaha, majeraha hayajafungwa. Tarehe 15 vituo vyake viwili vikasambaratishwa, malaria nayo imempanda, lakini kituo alichokuwemo bado kinapiga. Saa kumi na moja jioni adui akakifurika.

Tangazo la Msalaba wake wa Victoria lilitoka katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, tarehe 14 Oktoba 1940, na lilimalizia kwa kusema kapteni alipigana mpaka mwisho, akauawa. Hakuwa amekufa. Waitaliano walikuwa wamemteka, akiwa kambi ya wafungwa Eritrea, na alipata habari za nishani yake, pamoja na za kifo chake, kutoka kwa afisa wa jeshi la anga aliyeletwa kambini humo. Waingereza walipoitwaa Eritrea mwaka 1941 akawa huru. Baadaye alikwenda Burma kama msaidizi wa kamanda wa batalioni ya 11 ya Keya, kwa hiyo alipita katika vita vile vile vya babu yako. Baada ya jeshi alifanya kazi ya utawala Tanganyika kuanzia mwaka 1949 hadi uhuru. Alifariki Desemba 2008 akiwa na umri wa miaka 96.

Rudi kwenye lile tangazo. Limeeleza kwa makini ni bega lipi na jicho lipi. Limeeleza saa ambayo kituo kilianguka. Sajini aliyeuawa limemwita tu sajini wake Msomali. Aliitwa Omar Kujoog. Mtu huyu alikaa kwenye shimo lile lile, akapigwa na makombora yale yale, na akatoa zaidi ya alichotoa kapteni, maana yeye hakurudi. Wale waliobaki wakijaza risasi kwenye bombomu siku zile zote, tangazo linawaita Wasomali, basi.

Na hapa kuna sharti ambalo wajukuu wengi hawalijui, ingawa limewanyima watu haki kuliko ubaya wa afisa yeyote. Mpaka mwaka 1979, aliyekufa vitani aliweza kupewa vitu viwili tu kwa ushujaa wake mbele ya adui: Msalaba wa Victoria, au kutajwa katika taarifa ya vita. Hapakuwa na kitu cha katikati. Military Medal haikupewa maiti, wala Distinguished Conduct Medal, wala Msalaba wa Kijeshi, wala DSO. Sajini Omar Kujoog, akiwa amekufa, alikuwa na nafasi mbili tu, kilele kabisa au karatasi yenye jina. Wilson alipodhaniwa amekufa, sharti hilo hilo lilimhusu, na yeye akapewa kilele. Wote wawili walihesabiwa ni marehemu wa kilima kimoja. Mmoja alikuwa afisa aliyeongoza, mwingine sajini aliyeongozwa.

Usije ukadhani Msalaba wa Victoria haukuweza kumfikia mtu wa cheo cha chini. Nigel Leakey alikuwa sajini tu katika batalioni ya Keya ya Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito nchini Ethiopia, alirukia kifaru cha Waitaliano, akafungua mfuniko wake na kuwapiga risasi waliokuwemo, halafu akaviendea vingine. Aliuawa siku hiyo na mwili wake haukupatikana. Msalaba wake ulitangazwa Novemba 1945. Leakey alikuwa Mzungu aliyezaliwa Kenya. Wale askari wa Tanganyika waliokuwa naye walikuwa kwenye mapigano yale yale. Katika Vita vya Pili hakuna Mwafrika mweusi hata mmoja aliyepewa Msalaba wa Victoria, ingawa walipigana kutoka Ethiopia mpaka Madagaska na Burma.

Sababu zake hazikuwa moja. Cheo nimekwisha kueleza. Nyingine ni namna pendekezo lilivyosafiri. Kamanda wa kombania au wa batalioni alijaza fomu, kwa Kiingereza, akieleza nani, lini, wapi, alifanya nini na anaombewa nini. Fomu ikapanda kwa brigedia, kisha divisheni, kisha jeshi, na kila ngazi iliweza kuipunguza hadhi au kuikata kabisa. Kwa Msalaba wa Victoria zilitakiwa pia taarifa za mashahidi. Sasa fikiria Bonde la Kabaw mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikisukuma kutoka Tamu kuelekea Kalewa katika mvua za masika ya huko, matope, malaria, na adui aliyejichimbia msituni. Platuni inavamiwa. Luteni, ambaye ndiye pekee pale anayeandika Kiingereza cha fomu, anapigwa risasi. Askari anambeba. Luteni anaondolewa kwenda hospitali India na pengine harudi kwenye batalioni ile. Nani atakayeandika kwamba askari fulani alimbeba? Walioona ni askari wenzake, na ushahidi wao ulihitaji mtu wa kuusikiliza, kuuamini na kuuweka kwenye karatasi. Wako makamanda waliofanya hivyo kwa bidii, na askari kadhaa wa Keya walipata Military Medal kwa sababu yao. Ila ilitegemea mtu.

Sasa simulizi lenu lenyewe, niligusie kwa heshima. Msalaba wa Kijeshi hautolewi kwa kujeruhiwa wala kwa kubebwa. Kama afisa yule aliupata kwa siku ile, basi kulikuwa na jambo alilolifanya kabla risasi haijampata, kwa mfano kuongoza shambulio au kuishikilia nafasi. Lakini itazame tena ile picha. Tayari amevaa utepe. Ikiwa picha ilipigwa kabla ya siku ya kubebwa, basi msalaba ni wa vita vya nyuma zaidi, labda Ethiopia mwaka 1941, na familia imeunganisha matukio mawili kuwa moja, jambo linalotokea sana mtu anaposimuliwa na aliyesimuliwa. Hilo halifuti kwamba babu alimbeba. Angalia nyuma ya picha kama pana tarehe, jina la mji au mhuri wa studio. Tazama pia kifua cha afisa kama pana tepe nyingine karibu na ule mweupe na zambarau. Tepe hupangwa kwa hadhi, ya juu kabisa ikiwa karibu na vifungo vya koti, kwa hiyo mpangilio wake unasema mengi.

Kisha fanya jambo moja kabla ya mengine yote. Chukua Medali ya Vita, ile ya simba na joka, ukague utepe wake wa nyekundu, buluu na nyeupe kwenye mwanga wa jua. Tafuta jani dogo la shaba, jani la mwaloni lililolazwa, au matundu mawili madogo mahali ambapo jani lingeshonwa. Jani hilo ndilo alama ya aliyetajwa katika taarifa ya vita. Ni tuzo ya chini kuliko zote na haina medali yake, lakini ni ya ushujaa au utumishi uliotukuka, na ilikuwa wazi kwa kila cheo, hai au marehemu. Nimekuta familia zikilidhania pambo lililodondoka kutoka nguo nyingine. Na tafadhali msiisugue medali kwa dawa ya kung'arishia shaba. Ipanguseni vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Kama babu alipata Military Medal ikapotea au ikauzwa, hilo linaweza kujulikana. Medali yenyewe ilikuwa ya fedha, na nyuma iliandikwa FOR BRAVERY IN THE FIELD, jina, namba na kikosi vikachongwa pembeni. Majina ya waliopewa yalitangazwa katika London Gazette, na hilo linasomeka bure mtandaoni. Fomu za mapendekezo ya Vita vya Pili zimehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, chini ya kumbukumbu WO 373, na unaweza kutafuta kwa jina. Anza na jina la babu, kisha jaribu kila namna karani wa Kiingereza angeliandika: l mahali pa r, irabu ya mwisho imekatwa, jina la baba limegeuzwa kuwa lake. Mara nyingi namba ya jeshi inasaidia kuliko jina, kwa hiyo tafuteni cheti chake cha kuachishwa jeshi. Na tafuta upande wa afisa pia. Ukilijua jina lake, soma pendekezo la msalaba wake hadi mwisho, kwa sababu mara nyingine askari aliyembeba kapteni ametajwa humo katika sentensi moja, jina lake likiwa limeandikwa vibaya.

Swali lako la mwisho, kama mnaweza kuomba apewe sasa. Kwa Uingereza jibu ni hapana. Hawafungui upya mambo ya ushujaa baada ya miaka mingi, na wameshikilia hivyo hata kwa watu wao. Sababu wanayotoa ni kwamba mashahidi hawapo na haiwezekani kupima kwa haki tendo la jana kwa macho ya leo. Sikubaliani nao kikamilifu, kwa sababu wengine wamejaribu wakaweza. Marekani haikumpa askari mweusi hata mmoja nishani yake ya juu wakati wa Vita vya Pili. Baadaye ikafanya uchunguzi wa kumbukumbu zake, na Januari 1997 Rais Bill Clinton akawatunuku weusi saba. Sita walikuwa wameshafariki. Wa saba, Vernon Baker, alikuwepo mwenyewe, luteni aliyeongoza watu wake kupanda mlima kuishambulia ngome ya Wajerumani karibu na Viareggio, Italia, Aprili 1945. Huyo alikuwa na kamisheni, na bado cheo hakikumtosha mpaka miaka zaidi ya 50 ilipopita.

Uingereza ilichofanya ni kurekebisha ya mbele. Mwaka 1993 ngazi zile mbili ziliunganishwa. Military Medal na Distinguished Conduct Medal zikaondolewa, na tangu hapo Msalaba wa Kijeshi hupewa mtu wa cheo chochote. Askari wa leo akimbeba afisa wake chini ya risasi, utepe mweupe na zambarau unaweza kuwa wake. Sheria hiyo hairudi nyuma kumfuata mtu aliyeondoka Burma mwaka 1945.

Mkikuta jani la shaba kwenye utepe, au namba ya jeshi kwenye cheti, niandikie tena na unitumie picha za mbele na nyuma ya kila kitu, pamoja na ile ya babu na afisa iliyopigwa karibu kiasi cha tepe kuonekana moja moja. Na kama kuna shangazi au mzee wa ukoo aliyemsikia babu kwa masikio yake mwenyewe, mwandikeni maneno yake mwezi huu, na mumuulize jina la afisa jinsi babu alivyolitamka.